Anko Spoku: Nina mita 1.93, nipande baiskeli gani ya umeme magoti yasipige usukani?

Shikamoo Anko Spoku,

Mimi ni mkazi wa Goba, Dar es Salaam, miaka 34, nipo stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mwenge. Nimeamua kununua baiskeli ya umeme maana daladala na bajaji zinanimaliza na nikifika kazini nimeshachoka kabla hata sijanyanyua mfuko mmoja wa simenti. Shida ni urefu. Nina mita 1.93 na kilo 101, na kila muuzaji nikimtajia anacheka kwanza ndo anajibu, halafu jibu lenyewe ni lilelile, "hii inafiti watu wote bosi, siti inapanda".

Sasa hiyo siti inapanda ndo iliyonitia hasara mwaka jana. Nilinunua baiskeli ya kawaida ya gia, ringi za 26, nikapandisha siti mpaka nikahisi miguu inanyooka vizuri, mwezi wa pili nikiwa nakata mlima Makongo Juu nikasikia kah! bomba la siti limekatika na juu ya fremu pamepasuka, mimi chini na suruali imechanika mbele ya watu wa bodaboda. Niliporudi dukani nikaambiwa kosa ni langu. Basi nikameza.

Safari yangu ni Goba, napita Makongo, natokea Chuo cha Ardhi halafu Mwenge, simu inasema kama kilomita 13 kwenda. Nina milioni mbili na nusu, na hiyo nimeikusanya kwa mchezo wa upatu miezi kumi kwa hiyo sina ya kuchezea. Nimeona tatu. Ya kwanza ni ya Japani iliyotumika, ina kapu mbele, laki tisa na nusu, nzuri sana inang'aa ila nikipanda magoti yanagonga usukani. Ya pili ni mpya ya Kichina, tairi nene za inchi 20, inakunjika katikati, muuzaji anasema wati 750, milioni mbili na laki moja, na shemeji yangu mdogo ananisukuma niichukue hiyo maana anasema ndo ya kisasa. Ya tatu ni Gazelle ya Uholanzi iliyotumika, kwenye kontena la jamaa Tegeta, fremu imeandikwa 61, mota ya Bosch ipo pale kwenye pedeli, anataka milioni moja na laki saba. Hiyo ukiitazama ni ya kizee kweli, nyeusi, madigadi, keria, mke wangu kasema nitaonekana katekista. Na betri yake haijulikani ina hali gani. Kaka wa mke wangu yuko Rotterdam anakuja Desemba, anasema anaweza kuninunulia betri nyingine akaiweka kwenye begi.

Nishauri anko, hela ni moja tu.

Mrefu wa Goba


Marahaba mjomba. Pole na hilo anguko, na pole zaidi na hilo jibu la dukani, ingawa hapo nitakukera kidogo, siti uliipandisha kweli wewe. Ila kosa kubwa ni la aliyekuuzia fremu ya mtu wa mita 1.70 akakuambia siti inapanda. Bomba la siti lina mstari umechongwa upande, wengi hawauoni kwa sababu ni mdogo na mara nyingi umefunikwa na grisi au vumbi, ule mstari unatakiwa uwe ndani ya fremu, hauonekani. Mimi kwa mtu wa kilo zako nataka sentimita 10 ziwe zimezama, zisipungue. Ukibakisha tatu au nne ndani umeshatengeneza mtaimbo, kila ukikanyaga shimo kilo 101 zinakandamiza palepale kwenye mdomo wa fremu mpaka panapasuka. Kwa hiyo halikuwa bomba bovu, lilikuwa fupi.

Kabla hatujagusa hizo baiskeli zako tatu, leo usiku vua viatu, simama mgongo ukutani, chukua kitabu kigumu au rula ya fundi seremala uibane katikati ya mapaja, ipandishe mpaka ikukabe kabisa kama siti inavyokukaba (usione haya, uko kwako), mwambie mama watoto apige penseli ukutani kwenye ukingo wa juu, halafu pima kutoka sakafuni. Kwa urefu wako nakisia utapata kama sentimita 93. Zidisha kwa 0.883, hiyo ni hesabu ya zamani ya waendesha baiskeli na kwa watu wengi inakaribia sana ukweli, unapata 82. Hizo 82 ni kutoka katikati ya ile ekseli inayopita ndani ya fremu na kubeba mikono ya pedeli kwenda juu ya siti ukifuata bomba. Ukijumlisha na kimo cha hiyo ekseli, siti yako itasimama kama sentimita 106 kutoka chini. Beba tepu ukienda dukani, siti ikipandishwa mpaka mwisho wa mstari na bado haifiki huko, muuzaji aongee mpaka mate yamkauke, hiyo si yako.

Ndo maana mi huwa nawaambia watu wanaokuja wananiuliza wati ngapi na kilomita ngapi, subiri kwanza. Betri inabadilishwa, mota inabadilishwa, tairi ndo usiseme, lakini fremu fupi itabaki fupi mpaka unaiuza kwa hasara. Na urefu siyo miguu tu. Kifua nacho kinataka nafasi, siti ikiwa juu halafu usukani uko chini na karibu unakaa kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka, mikono inakufa ganzi, na kwa sababu uzito wote uko juu ya gurudumu la nyuma mlimani gurudumu la mbele linakuwa jepesi, linayumbayumba. Utasikia fundi anakwambia ataongeza shingo ya usukani. Kwenye baiskeli ya kawaida sawa, kwenye ya umeme muulize na nyaya je? Kuna waya wa breki, wa kile kioo kidogo cha kuonyesha chaji, wa mota, zote zimekatwa kwa kipimo cha shingo iliyokuwepo, ukiinua sentimita nane zinavutika kila ukikata kona.

Haya. Ya Japani iache, na si kwa ubaya. Wajapani ndo walioanza mambo haya ya mota kusaidia miguu, Yamaha alitoa ile PAS yake mwaka 1993, na zile baiskeli zao za kapu ni imara kuliko zinavyoonekana, mtu wa mita 1.65 wa Mikocheni anayepeleka mtoto shule nampa bila kufikiri. Ila magoti yako yameshakujibu. Na kuna jambo jingine wanunuzi hawaambiwi, chaja za kule zimetengenezwa kwa umeme wa volti 100, hapa kwetu ukutani kuna 230. Unachomeka ukiwa na furaha zako, unasikia pap, harufu ya plastiki, basi. Nimeletewa chaja nne za namna hiyo mwaka huu na zote zilikuwa zimeungua nyeusi ndani. Ukisikia muuzaji anakwambia chaja utanunua yoyote tu, ujue yake imeshaungua.

Hii ya kukunja ndo itakayokuletea ugomvi na shemeji, lakini acha niseme. Tairi za inchi 20 zinamaanisha fremu iko chini sana, siti inafika kwako kwa bomba refu jembamba kama mti wa ufagio, na katikati kuna bawaba ya kukunjia, na wewe na kilo zako unaning'inia juu ya vyote hivyo kwenye barabara ya Makongo yenye matuta. Umeshavunja moja, utavunja ya pili. Halafu baiskeli zenyewe ni nzito, nyingi zinapita kilo 28, siku betri imeisha njiani hutaikanyaga kwa miguu, utaikokota.

Na hizo wati 750 mwambie akufungulie kiboksi cha kontrola, kile kinachopeleka umeme kwenye mota, akuonyeshe stika. Hapo pana volti na ampea, zidisha mwenyewe. 48 mara ampea 15 ni wati 720 hapo sawa hakudanganya sana, lakini ukikuta 36 mara 12 hiyo ni wati 432 na hiyo 750 ni ya kwenye rangi tu. Hata hivyo kwa mlima wati pekee haitoshi kukuambia kitu, angalia nguvu ya kuzungusha, ile inayoandikwa Nm. Mota iliyo ndani ya gurudumu haitumii gia za baiskeli yako, mlima ukikaza inazunguka polepole, inakula umeme na kupata moto. Mota ya kwenye pedeli inapitisha nguvu kwenye mnyororo na gia zako, unapunguza gia na yenyewe inapumua, ndo maana mota ya Ulaya ya wati 250 tu inampandisha mtu wa kilo 100 wakati ile ya 500 ya kwenye gurudumu inalia.

Sasa ya katekista. Mjomba, hiyo ndo baiskeli yako, ila kwa masharti. Waholanzi ni watu warefu, wanaume wao wastani unapita mita 1.80, kwa hiyo fremu ya 61 kwao ni saizi ya kawaida iliyopo dukani. Chukua ile 93 yako uzidishe kwa 0.66, unapata 61 na ushee. Imekaa palepale. Siti haitapandishwa kwa kubahatisha, usukani uko juu, unakaa mgongo umenyooka. Babu zetu na zile Phoenix za fremu ndefu walikuwa wanakaa hivyohivyo na hatukuwacheka, sijui kwa nini wewe uchekwe.

Sharti la kwanza, uzito. Tafuta stika kwenye fremu, mara nyingi iko chini ya bomba la siti au karibu na pedeli, imeandikwa kilo za juu kabisa na hizo ni jumla ya mtu, baiskeli na mzigo. Piga hesabu, 101 zako, baiskeli 25, begi na chakula 6, hizo ni 132. Ukikuta stika inasema 120 rudi nyumbani. Ikisema 140 kwenda juu endelea. Wakati umechuchumaa hapo shika spoku mbilimbili za gurudumu la nyuma uzibane kwa vidole, zote ziwe na ukazo unaofanana. Ukikuta zilizolegea tatu nne pamoja au mpya zilizochanganywa na za zamani, mtu mzito alishaitesa.

Sharti la pili ndo lenye pesa, betri. Kwenye nyingi za aina hiyo za miaka ya nyuma ni ya volti 36 na ampea-saa 11, yaani inabeba umeme wa wati-saa kama 400 (volti mara ampea-saa) ikiwa mpya. Wewe kwa uzito wako na ule mlima nakuwekea wati-saa 15 kwa kilomita, kilomita 13 ni 195, kwenda na kurudi 390. Unaona mwenyewe hata mpya ingekutosha kwa shida, kwa hiyo omba uchajie kazini, bosi akilalamika mwambie chaji nzima ni kama nusu uniti ya LUKU, kwa tarifu ya kawaida hata mia mbili haifiki. Ukichajia kule unahitaji betri inayoweza kutoa 195 bila kuzimia, yaani hata iliyochoka nusu inaweza kukusukuma kwa muda.

Utajuaje? Usikubali kuijaribu kwenye uwanja wa kontena, pale tambarare kila betri ni nzima. Mwambie aichaji usiku mzima, asubuhi uikute imejaa, mpe pesa ya dhamana au aje na bodaboda nyuma yako, itoe Tegeta uipeleke mpaka Makongo Juu, weka msaada wa juu kabisa, panda. Macho kwenye kioo. Zile taa za betri zikishuka moja moja taratibu, vizuri. Zikishuka kutoka nne hadi moja ghafla katikati ya mlima, halafu ukifika juu ukaacha kukanyaga zinarudi tatu, hizo seli zimechoka, volti inaporomoka zikibanwa. Ikizima kabisa mlimani hapo bei imeshuka kwa laki tano na hujafungua mdomo. Ikifika juu na ukaendelea nayo mpaka Mwenge ikabakiza taa hata mbili, lipa.

Na ukiona kwenye kilomita 25 kwa saa mota inakata msaada usidhani ni ugonjwa. Sheria ya Ulaya ndo ilivyo, ikifika 25 inakuachia miguu yako.

Shemeji wa Rotterdam mwambie asante lakini asithubutu. Ndege za abiria betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi kwenye begi, si la chini si la mkononi, na hiyo ni 400. Watamtoa mbele ya foleni na betri itabaki kule. Mpe kazi nyingine, akuletee chaja ya akiba, ufunguo wa betri kama wa Tegeta anao mmoja tu, na pedi za breki, hivyo vinapita bila maneno. Na usije ukakubali fundi akuuzie "betri yoyote ya 36" kwa mota hiyo. Hizi za Bosch betri na mota zinaongea, ukiweka ya mtaani mota inakataa kuwaka. Kuna mafundi wanafungua boksi la zamani na kubadili seli ndani, wapo wanaojua na wapo wanaochomelea seli za laptopu za rangi tatu tofauti, hao wa pili usiwape hata tochi.

Kwa hiyo hesabu yako iwe hivi, usifike zaidi ya milioni moja na laki nne, na hiyo ni betri ikifaulu mlima. Iliyobaki usiiguse, breki na tairi zitakuja kuiomba ndani ya mwezi. Halafu tairi nayo ina mtego wake. Zile Phoenix zetu za 28 kwa 1½ ringi yake ni 635, Gazelle nyingi za sasa zinaandikwa 28 vilevile lakini ni 622. Duka litakupa tairi ya 28 na haitakaa, italegea kwenye ringi na siku moja itachomoka na wewe uko juu. Usitaje inchi, soma ile namba ndogo pembeni ya tairi, kama 47-622, taja hiyo. Habari njema ni kwamba tairi za baiskeli za mlima za 29 nazo ni 622, nyembamba kati ya hizo zinaingia kama madigadi inaruhusu.

Ikishindwa mlima na jamaa hashuki bei, usirudi kwenye ile ya kukunja kwa hasira. Tafuta baiskeli ya mlima ya kawaida ya mtumba, ringi 29, fremu ya inchi 21 au 22, breki za diski, isiyo na umeme kabisa, halafu ufunge seti ya mota ya gurudumu la nyuma ya volti 48, spoku 36, betri mpya ya ampea-saa 13, hiyo inakupa wati-saa 624. Hapo unaweza kukagua mwenyewe kwa mita ya fundi umeme, betri ya 48 ikijaa inasoma 54.6, ile ya 36 inasoma 42, muuzaji akikuambia imejaa na mita inasema 50 mwache aendelee kuichaji. Ila usikubali mota ifungwe mbele kwenye foku ya aluminiamu, na hata nyuma dai kile kibati cha kuzuia ekseli isizunguke, bila hicho siku moja ekseli inajigeuza yenyewe, inakata waya na gurudumu linatoka. Kupanda mlima haitakuwa tamu kama ile ya Bosch, nakwambia ukweli, utasikia mota inanguruma pale Makongo na itabidi uisaidie kwa miguu.

Mama watoto mwambie katekista wa kweli anatembea na Biblia kwenye keria, wewe utakuwa unabeba nyanya zake. Jumamosi ukienda Tegeta nenda mapema kabla jua halijakaza, vaa viatu utakavyoendea kazini maana soli nayo ni sentimita mbili, beba tepu, spana ya pembe sita namba 5 na namba 6 za kulegeza siti, na kitambaa cha kufuta ule mstari wa kwenye bomba. Ukiipata hiyo namba ya ukutani niandikie, kama si 93 tutabadilisha hesabu kabla hujatoa hata mia.

Anko Spoku